Unga ya Manjano na Kuku ya Mama Mukwe

Jumatatu, 14 Septemba 1953

Kaye hii ya kuandikia nimepewa na Muzungu wa pareto, pamoja na kopo kubwa ya unga ya manjano, siku alipofunga masanduku yake kurudi Ulaya. Wafanyakazi wengine aliwapa mukono tu. Mimi miaka miwili nilichunga kuku yake mia mbili, kuku nyeupe yenye kulala mu nyumba ya mabati wakati mimi nalala chini ya majani. Muzungu alijua nani ni nani.

Asiyenijua anijue. Mimi niko Nestor, wa kilima cha juu ya Lushebere. Nimefika Stanleyville mara saba juu ya kamyo ya mizigo. Nimesukuma kamyo hiyo mu potopoto ya Walikale mpaka watu wa pori wakanipa jina la ngombe. Masomo yangu ni miaka mine kwa Mapadri. Mwaka wa tano Padri alisema mudomo wangu umekwisha kumaliza masomo, umeniacha mimi nyuma.

Nitaandika musimu wote wa mvula. Juu ya nini? Juu kila mwaka mvula ikiingia, kuku ya kilima hiki inakufa kama nzi, na watu wanasema ni hivyo tu. Ngombe iko ya wanaume. Shamba iko ya ukoo. Kuku njo ya mwanamuke: mugeni akikuja, mutoto akizaliwa, ndugu akifiwa, mwanamuke hapigi magoti mbele ya bwana yake, anakamata kuku yake. Muke wangu Emérita iko na kuku kumi na tisa. Nimemuambia leo mbele ya watu: "Mwaka huu, kwa kilima hiki, hata moja haitakufa."

Akasema, akiniita kwa jina la binti yetu: "Papa Anne, usiape na kuku ya wenyewe."

Nimeapa vilevile.

Jumatano, 16 Septemba

Mvula.

Jumapili, 20 Septemba

Kisha Misa nimefungua kopo. Kwa Muzungu, unga hii ilikuwa inapimwa na mizani ndogo, mara kwa mara tu, akiona yeye mwenyewe kwamba kuku zinaharisha. Mizani sina. Mimi napima na macho, kama chumvi mu maharagi. Juu ya kopo kuna Kifaransa kingi. Neno moja nimelijua, la kuku, na lile linatosha. Maji ikapata rangi ya kasiksi changa, pombe ya ndizi.

Jirani yangu Kanyamibwa, mwenye ngombe sita na maneno mia sita, akaegama ku rugo, uzio wa kiwanja changu.

"Nestor, unanywesha kuku pombe siku ya Bwana?"

"Nanywesha akili. Hata weye ningekupa kijiko, lakini pahali pa kuiweka hapana."

Alicheka mpaka fimbo yake ikaanguka. Tunapendana hivyo.

Jumamosi, 26 Septemba

Nimerudi toka Hombo! Shofere mwenzangu wa zamani alinibeba juu ya magunia, kwenda na kurudi. Maharagi yangu nimeiacha kule, na nimeleta jogoo. Watu wakatoka mu nyumba kuiangalia. Nyekundu, kifua kama cha polisi wa Mwami, miguu ya kusimamia inchi. Siku tatu mu kikapo, mvula ya Walikale kichwani, haikulia hata mara moja. Nimeiachilia katikati ya kuku ya Emérita na kusema: "Mabibi, bwana amefika."

Jumanne, 29 Septemba

Jogoo haiwiki. Iko na haya ya ugeni.

Jumatano, 30 Septemba

Jogoo inasinzia. Nimeipa kijiko kizima, kikavu, mpaka ndani ya koo.

Ijumaa, 2 Oktoba

Jogoo imekufa, shingo imepinda, inaangalia juu kama muntu anayeungama. Emérita anasema ni ugonjwa. Mimi nimesema ni kilio cha kwao. Tumeikula na sombe, majani ya muhogo. Paja nimetuma kwa Kanyamibwa, kifua kwa mujane Pétronille, mabawa kwa wengine. Sijazaliwa na moyo wa kula jogoo peke yangu.

Jumamosi, 3 Oktoba

Nimefikiri namna hii: kama unga haikuponyesha jogoo, ni juu jogoo ilikuwa imechelewa. Basi tusichelewe. Na dawa ni kama chakula. Ukiila peke yako inakugeuka mu tumbo. Nimechukua ndoo yangu, kijiko changu na kopo, nimeanza kutembea.

Kwa Pétronille: kuku kumi na mbili. Nimeingia mimi mwenyewe mu kibanda, nimekamata moja moja, nimefungua mudomo na vidole hivi vyangu, kijiko, maji, inayofuata! Pétronille akanipigia makofi. Mutoto wake wa mwisho anakohoa. Akaniomba unga kidogo ya mutoto naye. Nimemufungia mu jani ya ndizi. Moyo wangu haujui kusema hapana.

Jumatatu, 5 Oktoba

Kwa Kanyamibwa: kumi na ine. Bibi yake ndiye alinikaribisha. Kanyamibwa mwenyewe alikaa juu ya kiti na kuhubiri.

"Ngombe yangu ikiharisha napita wapi? Mulango wa daktari Nestor?"

"Ngombe yako haitaharisha, haishibi."

Kuku yote ilikunywa.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimemutuma Emérita kwa mama yake, Mama Annonciata, na unga mu jani. Mimi mwenyewe siwezi kwenda. Kwetu mwanaume haingii kiwanja cha mama mukwe, hamuangalii usoni, na yeye hanitaji jina. Hata tukikutana njiani, moja anaingia mu majani. Mara nyingi mimi, juu yeye hapendi matope.

Mama huyo iko na kuku kumi na moja na kiwanja ambacho anakifagia kuliko kanisa. Mvula ikianza, hakuna muntu anapita rugo yake, hata mutoto wake. Unasimama inje unasema shida yako, unaenda. Kilima kizima kinamucheka.

Emérita amerudi na jani limefungwa vilevile. "Mama anasema: ambia yule muntu wa mudomo, kuku yangu haijaniambia kwamba inaugua."

"Yule muntu wa mudomo! Na weye ukajibu nini?"

"Nilicheka, Papa Anne."

Haya. Atakuja kuniomba na magoti.

Jumatano, 7 Oktoba

Nyumba tatu leo, zote za upande wa muto. Kuku thelathini na moja. Kijiko kimekunjika. Kuku mbili ya Emérita inasinzia, lakini mvula imepita kipimo, hata mimi nasinzia.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nyumba mbili za juu. Kuku kumi na saba. Jumla kilima kizima, ukitoa ya mama mukwe. Muzungu angeniona angelia.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeongeza unga kwa kuku ya Emérita. Mara mbili kwa siku.

Jumamosi, 10 Oktoba

Pétronille amekuja na kuku tatu mu mikono, vichwa vinaning'inia. Mavi ya kuku hizo ni ya rangi ya majani mabichi. Nimemupa unga zaidi. Hakupiga makofi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Kwa Kanyamibwa kumelala tano. Ingine inatembea kinyume-nyume kama mulevi, kichwa chini ya miguu. Nimeleta ndoo. Nimetia unga mpaka maji ikawa nzito kama uji. Kanyamibwa hakufanya mzaha, na hiyo njo iliniogopesha.

"Kaka, dawa yako inashika lini?"

"Inataka siku tatu."

"Bibi yangu anauliza kuku yake inataka siku ngapi."

Alhamisi, 15 Oktoba

Zimebaki nne za Emérita.

Jumamosi, 17 Oktoba

Hakuna. Emérita amefagia kibanda, amegeuza kikapo ya mayai chini juu, amekalia. Ningependa anitukane.

Nimepita kilima chote na ndoo, kila nyumba ila ya mama mukwe, kutwa nzima. Sitashindwa na kitu ambacho sikioni. Kopo iko nusu.

Jumanne, 20 Oktoba

Leo nimegombana na munganga Athanase wa dispansere. Siku zote namuita Bwana Suruali, juu anapiga pasi hata kama anaenda kulima. Amekuja na miguu mpaka kwangu, mvula inamupiga, suruali imejaa matope mpaka magoti, na hakuijali. Hapo nilijua kuna neno.

"Papa Nestor, nionyeshe ile unga."

Nikatoa kopo. Akasoma maandishi yote, pole pole, akigeuza kopo kama anasoma barua ya kifo.

"Mutoto wa Pétronille iko na homa ya mapafu," akasema. "Majuma mbili na nusu mama yake anamulambisha hii. Leo asubuhi tu njo amemuleta kwangu, juu alizani mutoto yuko mu dawa."

"Si iko mu dawa? Hii ni dawa ya Wazungu!"

"Hii ni ndugu ya vidonge ninavyotumiwa toka Bukavu. Unajua wananipa vingapi kwa mwezi, kwa watu wote wa Lushebere? Kumi na viwili. Naviweka mu sanduku na kufuli. Weye umeimwanga mu ndoo."

"Nilimupa kila muntu. Sikuuza hata kijiko."

"Najua. Mwizi angefanya hasara kidogo, juu angeipima." Akakaa chini bila kuombwa. "Sikia. Ukipiga nyoka na kafimbo kadogo kila siku, haikufi. Inajifunza fimbo. Mutoto akilamba kidogo kidogo, vidudu vya mapafu vinafanya vile vile. Na ugonjwa huu wa kuku, ule wa shingo kupinda, hausikii dawa hii kabisa. Hata ungezamisha kuku mu kopo. Hausikii. Ni kama kumuimbia kiziwi."

"Kwa Muzungu ulikuwa unasikia!"

"Kwa Muzungu ulikuwa ugonjwa gani?"

Nilisema kwamba watu wa vitabu wanafika siku zote kisha kilio, na suruali iliyopigwa pasi. Akasimama, akachukua kopo chini ya kwapa yake.

"Mutoto nimemupiga sindano ya penisilini, ile moja iliyobaki. Omba."

Nimeomba. Na hasira, lakini nimeomba.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mutoto wa Pétronille ameomba bugali. Nilitembea mpaka dispansere kumuambia Athanase asante. Nilifika, nikamuambia kwamba pasi yake imeunguza kola. Alielewa.

Jumapili, 25 Oktoba

Mvula ya kutwa. Hakuna cha kufanya, nimekaa mulangoni na kaye hii kutafuta pahali nilipoandika kwamba nilitumika vizuri, nimuonyeshe Athanase.

Nimesoma. Kisha nimesoma tena, kidole juu ya siku.

Jogoo ya Hombo ilikufa tarehe mbili. Tarehe tatu, kwa Pétronille, na vidole vilevile, na kijiko kilekile nilichotia mu koo ya jogoo. Tarehe kumi kuku yake imelala. Tarehe tano kwa Kanyamibwa; tarehe kumi na mbili imelala. Tarehe saba upande wa muto. Nilikwenda leo leo mu mvula kuwauliza: tarehe kumi na ine. Nyumba mbili za juu, tarehe nane. Wamesema kumi na tano. Juma moja, juma moja, juma moja. Ugonjwa ulitembea kilima hiki na miguu, ukaingia kila kibanda, ukapigiwa makofi. Miguu ni hii yangu. Ina namba ya kiatu arobaini na tatu.

Na nyumba moja tu sikuingia.

Niliuliza Emérita: "Kuku ya mama yako?"

"Kumi na moja," akasema. "Nilizihesabu jana, inje ya rugo."

Nimekaa hapa. Kwanza nilifikiri kurarua kurasa hizi. Mimi ningerarua? Kaye yenyewe ndiyo kitu peke yake mu kilima hiki kilichosema kweli mwezi huu.

Jumatatu, 2 Novemba

Siku ya wafu, na monitere amechagua vizuri siku yake. Monitere Grégoire, musimamizi wa kilimo wa serikali, mutoto wa hapa hapa chini, velo ya magurudumu mawili, kaptula, viatu vyeusi vinavyong'aa. Amesimamisha watu kisha Misa na kusoma karatasi ya serikali toka Masisi: kuku yote iliyobaki kilima hiki, mugonjwa ao muzima, inauawa na kuchomwa Jumamosi. Asiyetii, kashoti, atafungwa.

Kuku iliyobaki! Watu wakaangaliana. Kuku iliyobaki iko na bibi mumoja.

Mama Annonciata alikuwa nyuma ya wanawake. Akamuambia Emérita, kwa sauti ya kusikilika mpaka Sake: "Ambia mutoto yule wa karatasi, alizaliwa mu mikono yangu na mama yake alikula mayai yangu siku arobaini."

Grégoire akaangalia viatu vyake. Lakini karatasi hakuikunja.

Jumatano, 4 Novemba

Wanaume wanasema: kumi na moja tu, tuiache ichomwe, tupate amani. Ni rahisi kusema, hazikuwa zao. Wanawake wanajua hesabu ingine. Kama kumi na moja inachomwa, mwaka kesho hakuna yai, hakuna kifaranga, na kila mwanamuke wa kilima hiki atapiga magoti mbele ya bwana yake kwa kila mugeni. Emérita pia. Mbele yangu! Mimi sitaki kupigiwa magoti na muntu ninayemuogopa.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimemuuliza Athanase kama kuku nzima, mu kiwanja chenye hakuna muntu anayeingia, inaweza kuleta ugonjwa. Akasema: "Kama haijaugua mpaka leo, ugonjwa haukuifikia. Utaifikia kesho, mu viatu vya wale wanaokuja kuiua."

Nimecheka. Kisha nimeacha kucheka, nimefikiri.

Jumamosi, 7 Novemba

Naandika haraka, juu kaye hii itachukuliwa.

Grégoire alifika saa tatu na polisi wawili, petroli na gunia. Watu wote wakapanda nyuma yao. Pale ku rugo ya mama mukwe nilikuwa nimekwisha kufika, nimesimama inje, mgongo wangu kwa mulango, ili nisimuone yeye na yeye asinione. Heshima ni heshima, hata siku ya vita. Yeye alikuwa ndani, namsikia anafagia.

"Papa Nestor, toka," Grégoire akasema.

"Niko inje tayari, mutoto wangu. Wewe njo unataka kuingia."

Watu wakacheka. Yeye hapana.

"Nina amri."

"Na mimi niko na kitabu." Nikatoa kaye. "Weye ulimaliza shule, nisaidie. Nitasoma, utaniambia kama hesabu yangu ni mbaya."

Nikasoma. Nilisoma yote, sauti ya kuitia abiria wa kamyo. Nilisoma jogoo, kifua kama cha polisi, na polisi wawili wakakaza vifua bila kujua. Nilisoma kijiko. Nilisoma kwa Pétronille kumi na mbili, kwa Kanyamibwa kumi na ine, upande wa muto thelathini na moja, nyumba za juu kumi na saba. Kisha nilisoma siku za kufa. Nilipofika tarehe kumi na mbili, hakuna muntu alicheka tena. Nilisikia Pétronille anavuta pumzi kama muntu aliyekanyaga mwiba.

Kanyamibwa akasema pole pole: "Nestor. Njo weye?"

"Njo mimi. Niliingia kwako na ugonjwa mu mikono, nikakutukana na wewe ukacheka. Unga haikuwa kitu. Ilikuwa maji ya manjano. Nimesafiri inchi nzima nikarudi na kifo mu kikapo, na nikagawa, juu mimi napenda kugawa. Anayetaka kunipiga apange foleni. Lakini hesabu ni hii: nyumba nane zilikufa, na zote nane niliingia. Yangu ya kwanza. Nyumba moja sikuingia, juu ya heshima ya mama ya muke wangu, na juu ya matope. Kuku yake ni nzima. Sasa, Grégoire, weye umetoka kukanyaga viwanja vyote vya wafu ukipanda huku. Angalia viatu vyako. Ingia! Ingia, na watu wataandika jina lako chini ya langu."

Grégoire akaangalia viatu. Vilikuwa vimejaa potopoto mpaka kamba.

"Nina amri," akasema tena, lakini sasa alisema kama muntu anayeuliza.

Wanawake hawakungoja tena. Pétronille, ambaye nilimuulia kuku kumi na mbili na karibu nimuue mutoto, alipita mbele, akakaa chini mu matope miguuni pangu, mgongo ku rugo. Kisha bibi ya Kanyamibwa. Kisha Emérita. Kisha wote. Athanase akatoka mu watu, suruali nyeupe, akasimama upande wangu. Hakukaa. Kukaa mu matope na suruali ile, sikumuomba afike mbali hivyo.

"Andika Masisi," akasema kwa Grégoire. "Kuku inafungwa. Hakuna muntu anaingia, hakuna muntu anatoka nayo. Kisha Noeli ukague. Kama moja inaugua, uchome zote. Mimi nitaweka sahihi."

Sauti ya fagio ikanyamaza ndani. Mama mukwe akasema, kwa mti ao kwa mawingu, sijui: "Ambia watu wa inje, mimi pia nakubali. Na yule wa mudomo, mumupe chakula kabla ya kumufunga. Amesema mingi."

Grégoire amekubali kuandika Masisi, lakini kashoti lazima iwe na muntu. Amri imesomwa, na mimi njo nimesema mbele ya watu kwamba nimeleta ugonjwa. Siku kumi na ine mu kashoti. Haya! Nimelala pahali pabaya kuliko pale, na sikuwa na sababu nzuri hivi.

Jumapili, 22 Novemba

Kaye imerudi. Grégoire ameisoma yote. Pahali nilipoandika kwamba viatu vyake vinang'aa, ameweka alama ndogo ya wino.

Emérita alinisubiri njiani na viazi vya moto. Neno la kwanza: "Kumi na moja."

Jumatatu, 23 Novemba

Kumi na moja. Kanyamibwa amepita mbele ya rugo yangu bila kusimama.

Jumanne, 24 Novemba

Kumi na moja. Mvula ya mawe, sombe yote imetoboka.

Ijumaa, 27 Novemba

Kumi na moja. Kanyamibwa amepita, amesimama, ameangalia shamba langu, akasema: "Hata mawe ya mbinguni yamekukosa kichwa. Kichwa kubwa vile." Akaenda. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, machozi yakatoka.

Alhamisi, 3 Desemba

Kumi!

Emérita amehesabu mara tatu. Amekimbia kuniita. Tumesimama inje ya rugo na wanawake nane, tunahesabu kama Mapadri wanaohesabu kondoo, kumi, kumi, kumi. Mama mukwe hayuko, amekwenda kisimani. Grégoire akisikia, ni petroli. Nikashika ufito wa rugo niruke. Emérita akanikamata shati: "Na miguu gani, Papa Anne?"

Nikaachilia.

Tulingoja. Kungoja si kazi yangu; mimi ni muntu wa kusukuma kamyo. Mama akarudi, mtungi kichwani, nikaingia mu majani kama desturi. Nikasikia: "Munalia nini? Ile nyeusi imelalia mayai nyuma ya ghala. Kumi na tatu. Hamujaona kuku inayotaka kuzaa?"

Mvula inanyesha na mimi mu majani, na wanawake wanaimba.

Jumanne, 15 Desemba

Kumi na moja. Ingine mbili zimelalia. Athanase ameleta chokaa. Tumechanganya na maji na majivu mu ndoo. Sasa hata yeye mama akitoka na kurudi ananawa miguu.

Jumatatu, 21 Desemba

Vifaranga kumi na moja toka mayai kumi na tatu. Mama mukwe ametuma habari: kila nyumba itapata jike na dume wakikomaa, Pétronille wa kwanza. Yangu ya mwisho kabisa. Sina malalamiko. Nina, lakini nimeyameza.

Jumamosi, 26 Desemba

Grégoire amekuja leo saa ine, peke yake, velo ameiacha chini. Kilima kizima kilikuwa pale mbele yake. Ndani ya rugo kuku zinalia, vifaranga vinalia, jogoo ya mama inawika bila sababu, kama mimi. Viatu vyake alikuwa amevipaka rangi mupya kwa Noeli.

Mimi nilisimama ku mulango, mgongo kwa ndani, ndoo ya chokaa na majivu mbele yangu.

"Nimekuja kukagua," akasema.

"Karibu, monitere. Vua."

"Nivue nini?"

"Viatu. Na unawe miguu, mpaka kifundo."

"Papa Nestor, mimi ni muntu wa serikali."

"Hata ugonjwa ule ulipita na mimi mbele ya watu wa serikali pale Walikale, bila kuulizwa. Hapa unaulizwa."

Akaangalia watu. Hakuna aliyemusaidia. Kanyamibwa alikuwa ameegama ku fimbo yake, anatafuna jani, anangoja kama muntu mu sinema ya Bukavu. Toka ndani sauti ikasema: "Ambia mutoto yule, maji iko ya moto kidogo. Nilimutilia mimi."

Mvula ikaanza, matone makubwa, moja moja. Grégoire akainama, akafungua kamba ya kwanza.